Maswali kwa Mzee wa Zinfandel

Neno lililomtia Semahoro matatani lilikuwa divai. Laiti kijana angesema pombe, mambo yangeisha mlangoni siku ile ile, na chai isingemiminwa. Lakini kijana alisema divai, na Semahoro, mzee wa kanisa, msomaji wa Biblia tangu akichunga ng'ombe kwenye milima ya Minembwe, hakuijua divai nyingine ila ile ya meza ya Bwana.

Ilikuwa hivi. Gaël Cubaka, kijana wa Bukavu aliyekuwa akifanya kazi katika bohari moja huko Columbus, alikuja Louisville kujitambulisha kwa watu wa Uwineza, msichana aliyetaka kumwoa. Aliketi kwenye kochi la Semahoro pale Highview, magoti yamebanana kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akaulizwa anatoka kwa nani. Akaeleza kwamba baba yake aliuawa vitani, na anayesimama mahali pa baba ni Papa Leopoldi, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye amestaafu na anaishi Buffalo kwa binti yake.

"Alifanyaka kazi gani?" Semahoro aliuliza.

"Alitengenezaka divai, papa. Kule Californie. Miaka mingi."

Semahoro alimtazama shemeji yake Rakeli, mama wa msichana. Rakeli naye akamtazama, na nyuso zote mbili zikakunjuka. Kwamba kijana ni Mshi, mtu wa kabila jingine, na si mtu wa kwao lilikuwa jambo lililowasumbua, wakalijadili, wakalilalia, wakaamka nalo. Sasa Mungu alikuwa amelifidia. Mtu anayeyatengenezea makanisa divai! Huyo si mkwe, huyo ni Mlawi.

Jumapili iliyofuata Semahoro alisimama katikati ya ibada, akamshukuru Mungu kwa mkwe aliyetumika meza ya Bwana maisha yake yote. Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akaongeza kwamba ikiwa mzee huyo bado ana akiba kidogo, kanisa halitakataa katoni moja au mbili, kwa sababu ile juisi ya zambarau wanayonunua dukani inaharibu nguo nyeupe za watoto.

Jioni Semahoro alimpigia Gaël simu kuulizia hizo katoni.

"Papa, unisamehe. Ile haikuwa ya kanisa. Ilikuwa Zinfandel."

Semahoro alidhani Zinfandel ni jina la dhehebu. Amerika ina madhehebu mengi, na mengine yana majina magumu kuliko hilo.

"Bon. Na hao ba-Zinfandel, banabatizaka na maji mengi ao banamwangia tu ku kichwa?"

"Hapana, papa. Iko aina ya zabibu. Ni divai ya kunywa. Ya duka."

Mdomo uliponza kichwa. Kufikia ibada ya maombi ya katikati ya wiki, hapakuwa na mtu kanisani ambaye hakuwa ameona kwenye simu yake picha ya chupa ya Zinfandel, na kando ya chupa tarakimu za ukali wake, ambazo mama mmoja alizisoma kwa sauti kama anasoma joto la mgonjwa. Watu walicheka, tena walicheka wakimtazama. Halafu baraza la wazee likakaa, na huko hakuna aliyecheka. Liliamua kwamba familia ya mzee wa kanisa haiwezi kuoza binti kwenye nyumba ya walevi. Hata hivyo mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa. Semahoro aende akamwulize huyo mzee maswali yote kuhusu kazi yake, na shemasi Gatsinzi afuatane naye ili majibu yafike barazani bila kupungua njiani. Nyumba hiyo ikionekana safi, kanisa litabariki. Ikionekana vinginevyo, basi.

Uwineza aliposikia hayo, hakulia wala hakubisha. Alikuwa msichana wa ishirini na kitu, mtunza wagonjwa, mwenye maneno machache. "Mukinibariki, nitaolewa," alisema. "Musiponibariki, nitabaki hapa na nyie mpaka nizeeke. Lakini mwingine sitaki." Kisha akaenda kulala, maana zamu yake ilikuwa ya alfajiri.

Semahoro angeweza kukasirikia baraza, lakini ukweli ni kwamba aliogopa zaidi ya baraza lenyewe. Kaka yake Ruberwa, baba wa Uwineza, alikuwa amekufa kwa pombe. Alianza kunywa kwenye kambi ya wakimbizi, akaendelea Louisville, akanywa mpaka macho yakawa ya manjano na tumbo likajaa maji. Daktari alisema ini limekufa. Siku ya mazishi mchungaji alipouliza marehemu aliugua nini, Semahoro alijibu, "Ini." Halikuwa neno la uongo. Kanisa zima lilisema pole, ini ni ugonjwa mbaya, na tangu siku hiyo katika nyumba ile Ruberwa alikufa kwa ini. Rakeli alisema ini. Uwineza, aliyekuwa bado shuleni, alifundishwa kusema ini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakumjua Semahoro: yeye aliyaficha hata baada ya kifo.

Basi unaweza kuelewa kwa nini neno Zinfandel lilimkosesha raha. Kando ya kitanda cha hospitali, Ruberwa akiwa hajui hata ni mchana au usiku, Semahoro alikuwa amejiapiza kwamba chupa haitaingia tena katika maisha ya yule mtoto. Sasa chupa ilikuwa inakuja na suti, imeshika mkono wa kijana mwenye adabu.

Alitunga maswali wiki nzima. Aliyatunga akipanga maboksi kazini, akayakariri akiendesha gari, akayajaribu kwa Rakeli jikoni. Ulianzaje kazi hiyo? Kwa nini zabibu hiyo na si nyingine? Ulikunywa ulichotengeneza? Je, kijana naye? Rakeli alisikiliza akiwa anachambua maharagwe.

"Hayo yote ni ya baraza," alisema mwishowe. "Miye niko na moja tu. Umuulize kama alishaonaka mutu anaharibika."

"Na akisema ndiyo?"

"Utamuangalia uso."

Desturi inataka watu wa kijana ndio wasafiri kwenda kwa watu wa msichana. Lakini Leopoldi alikuwa amepasuliwa nyonga, na kutoka Buffalo mpaka Louisville ni safari ya kumkalisha mtu siku nzima. Wakakubaliana Columbus, katikati. Binamu wa Rakeli anayekaa Clintonville aliacha ufunguo akaenda kazini, na hivyo sebule yake ikawa kwao msichana kwa siku moja, ili watu wa kijana waonekane ndio waliokuja. Gaël angetoka kwake Hilliard, akampokee mzee wake stendi ya basi, wapige hodi kama wageni. Amerika huvunja desturi kila siku, lakini mtu mwenye akili hukuta njia ya kuzifunga bandeji.

Walisafiri kwa gari la Gatsinzi, wote wanne, Uwineza na mama yake nyuma. Gatsinzi alikuwa mtu mwembamba, mpole, mkweli kupita kiasi. Njia nzima aliimba tenzi kwa sauti ya chini na kuomba radhi kila alipopitwa na lori.

Leopoldi alipoingia, Semahoro alikuwa amejiandaa kumwona mlevi. Alikuwa amejichorea pua nyekundu na mkono unaotetemeka. Aliyeingia alikuwa mzee mfupi mwenye fimbo, koti zito la Buffalo ambako theluji ilikuwa bado haijaisha, na mikono mikubwa ambayo kucha zake zilikuwa na mstari mweusi usiotoka tena kwa sabuni yoyote. Aliwaamkia wote kwa zamu, akavua kofia kwa Rakeli, akaketi kwa uangalifu wa mtu mwenye chuma mwilini. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu ya zamani, kimehifadhiwa vizuri, ila hapa na pale palikuwa na matundu ambayo Kiingereza kiliingia kuyaziba.

Uwineza alileta chai ya maziwa na Fanta, akarudi jikoni, kwa maana siku hiyo msichana hukaa jikoni mpaka aitwe. Gatsinzi akaomba. Semahoro akakohoa.

"Muzee, karibu sana. Tuko na maswali kidogo juu ya kazi yako. Usikasirike."

"Uliza," alisema Leopoldi. "Hakuna mutu alishaniuliza. Hata batoto bangu."

"Ile divai, kuna kanisa ilikuwa inaitumia?"

"Paroisse moja, musimu moja. Padri alikuwa rafiki. Ingine yote ilienda mu maduka na mu ba-restaurant. Siwezi kukudanganya."

Gatsinzi aliinamisha kichwa, akionekana kusikitika kwa niaba ya mzee. Semahoro akaenda la pili: alianzaje? Leopoldi alisema alitumwa California akiwa kijana, kusoma kilimo, ili arudi kuwafundisha watu wa kwao Kabare kulima vizuri. Bourse ya masomo ikakatika mwaka wa pili. Rafiki akampeleka kwenye shamba moja la mizabibu, akapewa kazi ya kuosha mapipa. Aliyaosha mapipa misimu minne kabla hajaruhusiwa kugusa kilichokuwa ndani. Aliondoka pale akiwa mkuu wa kiwanda, na nywele zimekwisha.

"Na juu ya nini Zinfandel?"

Hapo mzee alibadilika. Alisogea mbele ya kiti, fimbo akaiweka chini.

"Ju iko kichwa ngumu! Zabibu ingine, kichala chote kinaiva pamoja. Hii hapana. Ku kichala kimoja unakuta moja iko kijani, haijaanza kuiva. Ya kando yake imeiva vizuri kabisa. Ya tatu imeshakauka, imekuwa zabibu kavu, sukari tupu. Donc, utavuna siku gani? Ukingojea ya kijani, ile kavu inakuletea moto, pombe inapanda. Ukivuna mbio, inakuwa chungu. Kila mwaka nilikuwa natembea mu shamba nikionja, nikisema leo, hapana, kesho. Bibi yangu alikuwa anasema nimeoa ile shamba."

"Kuna moja niliona mu simu," alisema Gatsinzi kwa upole. "Imeandikwa Zinfandel nyeupe. Lakini ilikuwa rangi ya waridi."

"Ndiyo. Nyeupe ni ya waridi."

"Nyeupe ni ya waridi," Gatsinzi alirudia, akijaribu kulikariri kwa ajili ya baraza, na usoni alionekana kujua kwamba halitaeleweka.

Semahoro alitaka kwenda swali la ulevi. Alifungua mdomo kuliuliza, na mdomo ukauliza kitu kingine, kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha yake wala ya baraza. Mfugaji ni mfugaji tu.

"Na yale mapipa, mulikuwa munayaoshaka na nini? Ju hata maziwa, ikiharibika, kosa haiko ya ng'ombe. Iko ya chombo."

Leopoldi alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa stendi ya ugenini.

"Maji ya moto kwanza. Halafu unawasha kiberiti, ile ya manjano, unaiingiza ndani ikiwaka, unafunga. Moshi inajaa pipa."

"Munafukiza!"

"Tunafukiza."

"Na sisi pia! Kibuyu ya maziwa unaosha, unaanika, halafu unawasha majani mukavu, unaingiza moshi. Bila moshi, maziwa inachacha vibaya."

"Njo vile vile!" Leopoldi alipiga paja la upande usiopasuliwa. "Njo vile vile kabisa! Miaka yote nilikuwa nafikiri ni akili ya bazungu!"

Wakazungumzia moshi kwa muda mrefu. Moshi gani unaacha harufu, chombo kipya kinafanywaje, chombo kilichowahi kuharibika kinaweza kupona au ni cha kutupwa. Chai ikapoa. Gatsinzi aliwatazama wazee hawa wawili waliokuwa wakikatizana maneno kama vijana, akasahau kuwa ametumwa. Semahoro alimpenda mtu yule. Alimpenda ghafla na bila kutaka, na papo hapo akakumbuka alichokuja kufanya.

"Muzee," alisema, "ulikuwa unakunywa?"

Gaël aliangalia zulia.

"Kazini nilikuwa naonja na natema," alisema Leopoldi. "Kuna ndoo ya kutemea. Ukimeza, kufikia saa ine hauonji tena, unaimba. Nilifukuzaka batu ju ya kumeza."

"Anatema," Gatsinzi alisema kwa furaha, akiligeukia zulia na dari na kila mtu. "Donc alikuwa anatema!"

"Kazini," alisema Leopoldi. "Unaniuliza kweli, nakujibu kweli. Nyumbani nilikuwa nameza. Glasi moja na chakula. Siku ya sherehe, mbili. Mupaka leo."

Furaha ya Gatsinzi ilizimika. Gaël alifumba macho. Ni yeye aliyemwomba mzee wake, njia nzima kutoka stendi, aishie kwenye ndoo.

"Na huyu kijana?"

"Huyu anakunywa Fanta mupaka meno inaoza. Lakini muulize mwenyewe, iko na mudomo."

"Sikunywi, papa," alisema Gaël. "Sijawahi."

Lilibaki swali la Rakeli. Semahoro alimwangalia shemeji yake, aliyekuwa ameketi pembeni na mtandio umefunika nusu ya uso, kisha akaliuliza kama alivyopewa.

"Ulishaonaka mutu anaharibika, ju ya kile ulikuwa unatengeneza?"

Leopoldi aliokota fimbo yake chini, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilimuona moja karibu. Alikuwa foreman wangu, alinifundisha kazi. Asubuhi anakuja anatetemeka. Sisi tulikuwa tunasema mugongo. Anaumwa mugongo, mumuache apumuzike. Akianguka mu kiwanda, mugongo. Bibi yake akituma simu kwamba hawezi kuja, mugongo. Hata siku ya kumuzika, boss alisimama akasema huyu mutu alivumilia mugongo kwa miaka mingi." Alitikisa kichwa. "Nilikuwa pale. Nilisema amina. Njo kitu ya kazi yangu inaniuma mupaka leo. Si divai. Ile mugongo."

Rakeli alikuwa amesema amwangalie mzee uso. Semahoro hakuweza kuuangalia. Mikono yake, ambayo haikuwa na kazi, ilianza kukusanya vikombe vilivyokuwa bado vina chai. Alijua anachopaswa kusema. Nyumba hii ina chupa mezani, mwenyewe amekiri, shemasi amesikia. Alitakiwa kusema tumeshukuru, tutarudi kwa baraza, tutawaletea jibu, na jibu hilo kila mmoja angelijua kabla hawajawasha gari. Na jikoni palikuwa na msichana aliyesema atabaki mpaka azeeke, naye si mtu wa kusema asilolifanya.

"Bon," alisema Semahoro. "Tunashukuru..."

"Ngoja, ndugu yangu. Na siye tuko na swali yetu."

Ilikuwa kweli. Katika desturi waliyoishona wenyewe hapa Amerika, nusu ya milimani, nusu ya Bukavu na nusu ya kanisa (ndiyo, nusu tatu), upande wa kijana hupewa swali moja, na mwenye kusimama kwa baba wa msichana hulijibu. Kwa kawaida ni swali la heshima tu. Huulizwa ng'ombe wangapi, nao hubaki ng'ombe wa mdomoni, maana hakuna anayefuga Louisville.

"Uliza, muzee."

"Baba ya huyu mutoto alikufa na nini?"

"Ini," alisema Semahoro. Lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyosema amina.

"Pole sana," alisema Gatsinzi. "Ini ni ugonjwa mubaya."

Mahali popote pengine mazungumzo yangeishia hapo. Miaka sita yalikuwa yakiishia hapo. Lakini Leopoldi aliendelea kumtazama, bila ukali, kama anavyotazamwa mtu ambaye bado hajamaliza sentensi.

"Ini ilipatwa na nini?"

Jikoni maji yaliyokuwa yakitiririka yalifungwa. Semahoro alitafuta jibu, na yalikuwepo mengi: homa ya ini, maji mabaya ya kambini, sumu ya mahasidi, mapenzi ya Mungu. Moja lingetosha. Alifikiria baraza, na kiti chake cha mbele kanisani, na jinsi watu watakavyosema kwamba mzee Semahoro alikwenda Columbus kupima ulevi wa watu huku amekalia wa kwao. Akamfikiria Ruberwa, si yule wa hospitali bali yule wa milimani, aliyekuwa akiita ng'ombe kwa filimbi ya vidole nao wakaja wote. Alimhurumia sana. Alitambua kwamba tangu amzike hajawahi kumlilia kwa jina la kilichomuua.

Alimtazama Rakeli. Rakeli aliteremsha mtandio mpaka mabegani, uso ukabaki wazi, akatikisa kichwa mara moja kukubali.

"Pombe," alisema Semahoro. "Kaka yangu alikunywa mupaka akakufa. Njo ile."

Gatsinzi, yule mkweli kupita kiasi, alikuna sikio lake kwa muda.

"Miye sikusikia muzuri," alisema polepole. "Haya masikio yangu, tangu ile kazi ya mashini..."

"Umesikia, shemasi," alisema Semahoro. "Ukabaambie. Kama banataka kiti yao, baichukue. Lakini ubaambie vile nimesema, usipunguze."

Leopoldi aliinama mbele, kwa taabu kwa sababu ya nyonga, akamshika mkono.

"Ahsante, ndugu yangu. Ile swali haikuwa yangu. Nilitumwa nayo."

"Na nani? Na Gaël?"

"Hapana." Leopoldi alielekeza kidevu chake upande wa jikoni. "Huyu mutoto ananipigiaka simu kila Jumapili. Kabla tukuje alisema, papa, siye hatuwezi kumuuliza, lakini nyie muko na ruhusa ya swali moja. Mutusaidie."

Semahoro aligeuka. Uwineza alikuwa amesimama mlangoni kabla hajaitwa, kitambaa cha kukaushia vyombo mkononi. Desturi ilikuwa imebakiza kipande kimoja tu: msichana huulizwa mbele ya wote kama anawajua wageni na kama wapokelewe. Semahoro alilishika hilo kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

"Binti yangu, hawa bageni unabajua?"

"Nabajua, papa mudogo."

"Tubakubali?"

Uwineza hakujibu kama wasichana wanavyojibu.

"Miye njo nilikuwa namuokota papa chini mu choo. Kila asubuhi. Naosha kochi kabla mama arudi ku kazi, naenda masomo, mwalimu ananiuliza papa anaendelea aje, nasema ini. Nyie mulikuwa munaniogopea nyumba ya babo. Nyumba ya babo siogopi, hao banasemaka kweli. Nilikuwa naogopa kutoka kwetu nikienda na ile ini mu nyumba yangu, nikuje kufundisha batoto bangu na bao baseme ini."

Rakeli alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. Semahoro alitafuta maneno ya desturi, yale marefu ya kukabidhi binti kwa watu wa watu, aliyoyasema kwenye harusi nyingi bila kukwama hata neno moja. Hayakuja. Akavuta kiti kilichokuwa kando yake, kati ya wazee, mahali ambapo msichana haketi siku hiyo, akakipiga makofi mawili kwa kiganja. Uwineza akaja akaketi. Semahoro akaushika mkono wake uliokuwa bado una maji ya vyombo, akamgeukia mzee wa Zinfandel.

"Mutoto ameitika," alisema. "Tumebakubali. Na kama iko swali ingine, muzee, uliza. Leo tutajibu yote."